Kilo Arobaini na Saba Zimekwenda Wapi?

Baba yangu anapenda kupima vitu. Mtaa mzima unamwita Mzee Mizani, na yeye hachukii. Akinunua nyama, anaipima tena akifika nyumbani. Akinunua mkate, anaupima. Siku moja alimpima mwanangu mchanga kabla ya kunyonya, akampima tena baada ya kunyonya, kisha akaniambia, "Leo umempa gramu tisini tu." Nilimchukua mtoto wangu nikaenda zangu ndani. Ningemjibu nini?

Hilo la mtoto tulilicheka. Balaa lilikuwa kwenye tanuru.

Sisi tunachoma chokaa. Nyumba iko mbele, uwanja wa kazi uko nyuma. Lori linamwaga mawe meupe kando ya ukuta. Mume wangu anayaponda kwa nyundo mpaka yawe kama ngumi. Anayapanga ndani ya tanuru, anawasha kuni chini, na anakaa na moto mpaka mawe yaive. Yakipoa, mimi natia chokaa kwenye magunia. Mama anashona midomo ya magunia. Mafundi uashi wananunua, wapaka kuta wananunua, na kituo cha maji kinanunua chokaa ya kusafishia maji.

Na Baba? Baba anapima. Anapima mawe yakiingia. Anapima chokaa ikitoka. Na kila mara uso wake unakunjamana, kwa sababu mawe yanaingia kilo mia moja, na chokaa inatoka kilo hamsini na tatu.

"Kilo arobaini na saba zimekwenda wapi?"

Swali hilo nimelisikia tangu sijaolewa. Nimelisikia mpaka nikitaka kulala linanijia lenyewe. Na jibu la Baba lilikuwa moja tu: "Kikulacho ki nguoni mwako." Maana yake, mchomaji anaiba.

Alimfukuza mchomaji wa kwanza. Akamfukuza wa pili. Wa tatu alikuwa mjomba wangu, kaka yake Mama, tumbo moja. Naye alifukuzwa mchana kweupe, kwa kelele, majirani wakichungulia. Mama hakugomba. Siku ile alimpakulia Baba chakula, akamwekea mezani, kisha akachukua sahani yake akaenda kula jikoni. Na kesho yake hivyo hivyo. Sasa ni miaka minne Mama anakula jikoni.

Baada ya mjomba alikuja mpwa wa Baba. Tulimwita Chapakazi, kwa kejeli. Huyo aliwasha moto asubuhi, na kabla jua halijafika katikati ya mbingu amejilaza kwenye toroli, anakoroma. Lakini chokaa yake ilikuwa kilo sitini na nane kwa kila kilo mia za mawe! Baba alifurahi kupita kiasi. "Mnaona? Mtu mwaminifu ndiye huyu."

Wateja hawakufurahi. Fundi mmoja alirudisha magunia matatu. "Nikiitia maji, nusu inabaki mawe," alisema. "Mimi nimenunua chokaa au kokoto?" Kituo cha maji kikaacha kabisa kununua kwetu. Baba alisema wateja wa siku hizi wana maneno mengi. Mwishowe Chapakazi alipata kazi ya pikipiki, akaondoka, akaacha rundo la mawe yaliyorudishwa pale kwenye kona.

Ndipo mume wangu akashika tanuru.

Mume wangu ni mtu mkimya. Akifanya kazi, anaifanya. Alichoma mawe mpaka yakaiva hadi moyoni. Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Hata kituo cha maji kilirudi. Na mizani ikasema nini? Hamsini na tatu.

*

Ilikuwa Jumatano. Mafundi uashi wanne walikuwa wamesimama langoni wakisubiri mzigo wao. Baba alipima, akapima tena, akapiga mizani kwa kiganja.

"Mkwe," alisema, "hebu njoo."

Mume wangu alikuja, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Mawe yalikuwa kilo mia. Hapa kuna hamsini na tatu. Nyingine umepeleka wapi?"

"Sijapeleka popote, Baba. Nimechoma mawe, nimetoa chokaa. Ndiyo hiyo."

"Mpwa wangu alikuwa ananiletea sitini na nane."

"Hayo ya mpwa wako siyajui."

"Nilikupa binti yangu," Baba alisema, na sauti ikapanda. "Nikakupa chumba. Nikakupa tanuru. Nawe unaniibia!"

Mafundi walitazama chini. Mmoja alianza kuhesabu vidole vyake kama hajawahi kuviona. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Ijumaa tunachoma tena," Baba alisema. "Jumamosi tunapima. Zikipungua tena, uache tanuru langu, na uache nyumba yangu."

Mume wangu aliweka nyundo chini. Alinawa mikono, akaingia chumbani. Nilimfuata. Alikuwa ameshateremsha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Sisubiri Jumamosi," alisema. "Pakia nguo za mtoto. Siwezi kulala kwenye nyumba ninayoitwa mwizi."

"Na Mama nimwache na nani?"

"Sijui. Nakuuliza wewe sasa. Unakuja au unabaki?"

Nilikaa kitandani nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia Baba. Nilimkasirikia mume wangu kwa sababu alikuwa na haki. Niliikasirikia ile mizani, kipande cha chuma kisicho na aibu, kinachotaka kuvunja ndoa yangu.

"Nipe mpaka Jumamosi," nilisema. "Tafadhali. Mpaka Jumamosi tu."

Alikaa kando yangu. Kisha akalisukuma sanduku chini ya kitanda. Hakulirudisha juu ya kabati.

*

Alhamisi asubuhi nilimfuata Baba. Alikuwa anaipaka mizani mafuta.

"Baba, hebu niambie. Kuni tunazochoma ni mzigo mzima. Zikiisha, yanabaki majivu ya ndoo moja. Mbona hujasema kuna mwizi wa kuni?"

"Kuni zinawaka," alisema Baba. "Unaona moto, unaona moshi. Jiwe haliwaki. Umewahi kuona jiwe linatoa moshi?"

Baba si mjinga. Ndiyo maana kubishana naye kunachosha.

Wakati huo gari dogo la kituo cha maji lilisimama langoni. Akashuka dada mmoja mwenye miwani, amevaa ovaroli ya bluu. Huyo ndiye anayepima maji pale kituoni na kuyatia dawa. Sisi tunamwita Fundi Maji.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Nimekuja kuwashukuru. Chokaa ya mwezi huu ni safi sana. Nani anachoma?"

"Mwizi," alisema Baba.

Fundi Maji alidhani ni utani, akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Nikamweleza yote, harakaharaka, kabla Baba hajanikatiza. Nilimtajia kilo mia, kilo hamsini na tatu, wachomaji watatu, na sanduku lililoko chini ya kitanda changu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta, akashusha pumzi.

"Jamani," alisema. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii," nilisema.

"Mzee, nipe dakika kumi. Na unipe kipande cha mkaa, na siki kama iko jikoni."

Aliokota jiwe bichi, akaliweka kwenye sahani, akalimwagia siki. Jiwe lilianza kuchemka mapovu, chwii, ingawa hakukuwa na moto.

"Umeona mapovu? Hiyo ni hewa. Ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe. Inaitwa hewa ukaa. Ndiyo ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Siki inaitoa, na moto mkali unaitoa pia. Lakini haina rangi wala moshi, ndiyo maana hamuioni ikitoka."

"Haya, imetoka," alisema Baba. "Lakini hewa ni hewa. Hewa haina kilo."

"Haina?" Fundi Maji alinigeukia. "Dada, mtungi wa gesi uliojaa na mtungi uliokwisha, inabebeka sawa?"

"Thubutu!" nilisema. "Mgongo wangu unaujua huo uliojaa."

Baba alikuna kidevu. Nilimwona anatazama mtungi uliokuwa nje ya jiko, kisha anatazama mizani.

Fundi Maji akachukua mkaa, akaandika kwenye mlango wa stoo.

"Sasa, Mzee, wewe ni mtu wa hesabu. Nisaidie kujumlisha. Kila kitu duniani kimejengwa kwa chembe ndogo sana. Huzioni, lakini kila aina ya chembe ina uzito wake, na uzito huo unajulikana. Jiwe lako limejengwa kwa chembe za aina tatu. Kuna kalsiamu, ile iliyomo pia kwenye mifupa. Uzito wake ni arobaini. Ipo moja."

Aliandika 40.

"Kuna kaboni. Hiyo imo pia kwenye mkaa huu. Uzito wake ni kumi na mbili. Nayo ipo moja."

Aliandika 12.

"Na kuna oksijeni. Uzito wake ni kumi na sita. Lakini zipo tatu."

"Arobaini na nane," Baba alisema upesi. Hesabu haimpiti.

"Jumla?"

"Arobaini, na kumi na mbili, na arobaini na nane." Baba aliusogelea mlango. "Mia moja. Mia moja kamili!"

"Mia moja kamili. Sasa washa moto. Kaboni inaondoka. Lakini haiondoki peke yake, inashika oksijeni mbili na kwenda nazo. Kaboni moja na oksijeni mbili, hiyo ndiyo hewa ukaa. Inaruka juu, kwaheri. Ina uzito gani?"

"Kumi na mbili... na thelathini na mbili. Arobaini na nne."

"Na nini kinabaki?"

"Kalsiamu moja na oksijeni moja."

"Hiyo ndiyo chokaa, Mzee. Uzito wake?"

Baba alitazama mlango. Midomo yake ilihesabu kimya, ingawa nina hakika alishapata jibu.

"Hamsini na sita," alisema.

"Hamsini na sita. Ukichoma kilo mia za jiwe safi, likaiva lote, lisipotee hata vumbi, utapata kilo hamsini na sita. Ukichoma gramu mia, ni gramu hamsini na sita. Kila chembe ya jiwe inatoa chembe moja ya chokaa na chembe moja ya hewa ukaa. Hesabu haibadiliki. Ukitaka kujua kwa mzigo wowote, chukua uzito wa mawe, zidisha kwa hamsini na sita, gawa kwa mia. Kilo mia mbili zitatoa ngapi?"

"Mia na kumi na mbili."

"Umeshahitimu. Kazini kwetu tunaiita mavuno ya hesabu. Ndiyo dari. Unachotoa kwenye tanuru ni mavuno ya kweli. Hayo yanakuwa chini ya dari kidogo. Hayavuki."

"Kama kuna hamsini na sita, mbona napata hamsini na tatu?" Baba alidakia. Alikuwa ameshaona kilo tatu za kugombania. "Tatu ziko wapi?"

"Mawe yenu yamelala nje, yananyeshewa. Unapima mawe na maji yaliyonywewa na mawe. Maji yanakauka kwenye moto. Vipande vidogo vinaanguka kwenye majivu. Vumbi linapeperuka. Hamsini na tatu kwa hamsini na sita, hiyo ni karibu tisini na tano kwa mia. Mimi ningempa mchomaji huyo mkono."

"Na mpwa wangu je? Alileta sitini na nane! Utasemaje?"

Nilifunga macho. Sitini na nane tena! Kila siku sitini na nane!

Lakini Fundi Maji alicheka mpaka akashika mlango.

"Sitini na nane? Mzee, dari ni hamsini na sita. Mtu akikwambia amevuna zaidi ya dari, usimpigie makofi, kagua gunia. Kwa nini chokaa yake ilikuwa nzito? Kwa sababu hewa ilikuwa bado imo ndani! Hakuchoma mawe yakaiva. Badala ya kilo arobaini na nne, ziliruka thelathini na mbili tu. Zaidi ya robo ya mzigo ule ilikuwa mawe mabichi. Ndiyo maana tuliacha kununua kwenu."

Alikwenda kwenye rundo la kona, lile walilorudisha wateja. Akachagua jiwe, akalivunja, akatia siki kwenye moyo wake. Chwii. Mapovu.

"Moyo mbichi," alisema. "Jiwe lililoiva halitoi mapovu hivi. Lakini msijaribu siki kwenye chokaa iliyotoka tu tanurini, itachemka na kuwarukia machoni. Na vaeni miwani na glavu, jamani. Chokaa inaunguza macho."

Mimi nilishaanza kuona ndoa yangu imepona. Nilimgeukia Baba, nikingoja aseme kitu.

Baba alikunja mikono.

"Mapovu nimeyaona," alisema. "Hesabu nimeisikia. Lakini mimi naamini mizani yangu. Kesho nitachoma mwenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Niliingia jikoni nikapiga sufuria chini. Mama aliiokota, akaiweka mahali pake.

*

Ijumaa, jua likichomoza, Baba alipima kilo mia moja za mawe. Aliyapanga mwenyewe. Kisha akachukua kopo la chokaa akachora mstari mweupe ardhini kulizunguka tanuru.

"Asivuke mtu," alisema. "Mke wangu asivuke. Binti yangu asivuke. Mkwe, wewe hata kivuli chako kisivuke."

Alikuwa na kiti, chupa ya maji, na rungu. Rungu la nini, sijui.

Baba ndiye aliyelijenga tanuru, maana alikuwa mwashi. Lakini kulichoma hajawahi. Saa tatu moto ulianza kulegea. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo, nje ya mstari. Usiku nilikuwa nimemsimulia yote ya Fundi Maji.

"Ongeza kuni, Baba. Upande wa kushoto."

"Najua."

"Huo ni kulia."

"Nimesema najua!"

Kutwa nzima ilikuwa hivyo. Mwizi anamfundisha mwenye mali namna ya kuchoma. Mume wangu hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema fungua mlango wa hewa, alisema funga kidogo, alisema ngoja, bado. Baba alifanya yote, huku akinung'unika kwamba hahitaji kuambiwa.

Saa kumi alasiri Baba alipata wazo. Kama mwizi hapiti chini, basi anapita juu. Akaleta ngazi, akapanda, akainamisha kichwa kwenye mdomo wa tanuru kuchungulia.

"Baba, shuka!" mume wangu alipiga kelele. "Hewa!"

Baba hakujibu. Mikono yake ililegea kwenye ngazi. Miguu ikaanza kuteleza.

Mume wangu aliruka mstari. Alimdaka kiunoni, akamshusha, akamburuta mpaka ukutani penye upepo. Nilimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Mama alikuja mbio na maji. Rangi ya Baba ilikuwa imebadilika, midomo ikawa kama majivu. Kwa dakika moja nilisahau kwamba nimemkasirikia.

Kisha Baba akafumbua macho. Akamtazama mume wangu.

"Umevuka mstari," alisema.

Mungu wangu! Nilitaka kumrudisha juu ya ngazi mwenyewe.

"Nimevuka, Baba," mume wangu alisema. "Hiyo hewa isiyo na uzito karibu ikuue. Usichungulie tena huko juu, mtu yeyote asichungulie. Inafukuza hewa nzuri, unazimia bila kusikia harufu. Sasa kaa hapa, mimi narudi nje ya mstari."

Na akarudi kukaa kwenye ndoo yake.

Moto uliachwa uzime. Baba alilala palepale kwenye kiti chake, mbali na mdomo wa tanuru, rungu mapajani.

*

Jumamosi mafundi uashi walikuja. Nadhani walikuja kutazama zaidi kuliko kununua. Fundi Maji naye alipita. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni. Sanduku lilikuwa bado chini ya kitanda, na ndani yake nguo za mtoto zilikuwa zimekunjwa. Nilikuwa nimeshazikunja mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeamua.

Baba alitoa chokaa kwa mikono yake, amevaa glavu. Hakuna aliyemsaidia, maana alikataa. Aliweka mizani sawa. Akapima. Akasogeza jiwe la mizani. Akapima tena.

Nilisogea kuangalia, hapohapo kwenye mstari. Hamsini na tatu. Na nusu.

Baba alizunguka tanuru mara mbili. Aliangalia nyuma ya ukuta. Alijipapasa mifuko ya suruali, naapa, alijipapasa mifuko! Mafundi walijitahidi wasicheke, mmoja akashindwa.

"Kuna mtu amevuka?" Fundi Maji aliuliza taratibu.

"Hapana, ila Mkwe aliponishusha, na mikono yake ilikuwa imenishika mimi," alisema Baba.

"Nani alikuwa analinda?"

"Mimi."

"Basi tumkamate nani, Mzee?"

Baba alikaa kwenye kiti chake. Alitazama mlango wa stoo, hesabu za mkaa bado zipo: mia moja, arobaini na nne, hamsini na sita. Kisha alisimama, akavuka mstari wake mweupe, akaenda mpaka mbele ya mume wangu. Mafundi wote walikuwa wanaangalia.

"Mkwe," alisema. "Nilikuita mwizi mbele ya hawa. Basi mbele ya hawa hawa nasema, nimekosa. Nisamehe."

"Yameisha, Baba," mume wangu alisema. "Lakini mawe tuyaezekee, yasinyeshewe."

Wote wakacheka, hata Baba. Nilianza kuwaza namna ya kulirudisha lile sanduku juu ya kabati.

Ndipo Mama akazungumza.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, sindano ya magunia mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mzee, kaka yangu alikuwa anakuletea ngapi?"

Kicheko kilikatika.

"Mimi nakumbuka," Mama alisema. "Hamsini na tatu. Kila mara alikuletea hamsini na tatu."

Akarudi kushona.

Baba hakunywa hata chai. Alinawa uso, akavaa shati safi, akatoka. Mjomba anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Miaka minne Baba alikuwa anazunguka njia nyingine ili asipite mlango ule. Alirudi mchana, macho mekundu.

"Amesemaje?" nilimuuliza.

"Amesema nimechelewa miaka minne. Kisha akanipa kiti."

Chakula kilikuwa tayari. Mama alimpakulia Baba, akamwekea mezani. Akachukua sahani yake. Akaenda jikoni.

"Mke wangu!" Baba alilalamika. "Si nimekwenda?"

"Bado wawili," Mama alijibu kutoka jikoni.

*

Wa kwanza alimpata baada ya wiki moja. Wa pili alikuwa amehama, ikachukua wiki tatu. Baba alikwenda kwa wote wawili, akasema neno lile lile, mbele ya watu wao.

Siku hizi mawe yetu yana paa. Majivu tunayachekecha, vipande vya chokaa tunavirudisha kwenye gunia. Kila mtu ana miwani na glavu. Mavuno yamepanda mpaka hamsini na nne na nusu kwa kila kilo mia. Mjomba anachoma zamu moja, mume wangu anachoma nyingine. Baba bado anapima, nani atamzuia? Lakini kabla ya kupima, anakwenda kwanza kwenye mlango wa stoo, anazidisha, anagawa, anaandika dari. Chokaa ikizidi dari, anaita, "Kuna jiwe bichi humu, lirudi motoni!" Ikipungua sana, anatafuta kwenye majivu. Hatafuti tena kwenye mifuko ya watu.

Na siku ile aliyorudi kutoka kwa yule mchomaji wa pili, amechoka, viatu vimejaa vumbi, alikaa mezani. Mama alimpakulia. Akamwekea. Akaenda jikoni kuchukua sahani yake.

Akarudi nayo. Akaiweka mezani, akavuta kiti, akakaa.

Baba aliitazama sahani ile. Aliitazama, na nikaona mkono wake unaanza kusogea kuelekea kwenye mizani ndogo ya jikoni, ile anayopimia mkate, iliyokuwa pembeni ya meza.

"Baba!" nikasema.

Akaurudisha mkono. Akala.